Kipande cha Tano

Juzi mjukuu wangu Zuhura karudi skuli na vilua ndani ya leso yake ya mkononi. "Bibi," akasema, "nimeviona kwa muuza maua, nikakukumbuka." Akavimimina mapajani mwangu, akaenda zake kuvua viatu. Nyinyi wenzangu wa rika langu mnakijua kilua. Si ua la kutazamwa. Ukiliona chini bila kulinusa, utalikanyaga na kupita. Lakini harufu yake ikishakuingia puani huna tena ujanja, uwe mzee wa namna gani. Inakukamata mkono na kukurudisha inakotaka yenyewe. Mimi hunirudisha Tibirinzi, kwenye dirisha la darasa.

Ningalikaa nikanusa maua yangu kwa raha, lakini mtoto yule hana breki mdomoni. Kaja kakaa kitako karibu yangu, kaanza kulalamika. Mwalimu wao kawapa tamthilia nzima waisome, kisha kawaambia muda hautoshi, wachague maonyesho matatu tu yaliyo muhimu wayaigize darasani. Wamegombana mpaka kengele ikalia.

"Bibi, ingekuwa wewe, ungeacha lipi?"

Nikamtazama. Vilua mapajani, na swali lile masikioni, kwa wakati mmoja. Nikamwambia aende akanipikie chai kwanza.

Mimi skuli sikusoma sana na sioni haya kusema. Nimefika darasa la tatu na nusu, na hiyo nusu naihesabu kwa sababu niliitolea jasho. Leo nina mjukuu nesi, nina mjukuu anayejenga barabara, na huyu Zuhura Kiingereza kinamtoka kama maji ya mfereji. Wote nimewalea kwa mikono hii. Anayetaka kuicheka nusu yangu na acheke, akimaliza aniambie yeye kalea nani.

Wakati ninaousema nilikuwa nakaa Tibirinzi kwa mama yake baba, Bibi Mize. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, hacheki mpaka kuwe na sababu, na sababu zilikuwa chache. Mama hakuwapo. Mliokuwapo zama zile za siasa hamna haja ya kuelezwa: watu hawasalimiani, hawazikani, duka la huyu haliingiwi na mtu wa upande ule, mwenye kisima anaficha ndoo asichote jirani yake. Kaka zake mama walikuwa upande mmoja, baba yangu upande wa pili. Siku moja wakagombana barazani kwetu, neno likavuta neno, baba akaingia ndani na kumpa mama talaka, kwa wepesi wa mtu anayevua kanzu yenye jasho. Mama akafunga sanduku lake, akapanda gari la shamba, akarudi kwao Konde. Mimi nikabakishwa. Na Bibi Mize akaapa mbele ya majirani kwamba mwanamke yule hatakanyaga tena ua wake, wala jina lake halitatajwa humo. Bibi akishaapa imekwisha.

Mimi nikaambiwa, "Siasa tu mwanangu, imeingia majumbani." Basi nikadhani siasa ni maradhi, kama surua. Muda mrefu niliogopa kunywea kata moja na watu wazima.

Alichoniachia mama ni harufu. Alikuwa hatoki bila kikuba: rehani kidogo, asumini, na vilua ndani yake, kakifunga kwa uzi na kukibana kifuani chini ya kanga. Akiinama kunisuka, ile harufu inanishukia kichwani kabla ya mikono yake. Alipoondoka nikawa nalalia kanga yake moja iliyosahauliwa kwenye kamba, mpaka ikabaki kunuka mimi mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua kweli kaondoka.

Sasa kuna jambo lazima niliseme, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilikipigania kipande kimoja cha mchezo wa skuli. Kwetu watoto hawachezi maiti. Mtacheza harusi, mtacheza duka, mtapika mchanga mpaka mchoke, lakini maiti hapana. Siku moja mimi na shoga yangu Time, mtoto wa muuza duka wa nyumba ya pili, tukachukua gunzi la muhindi, tukalivika kitambaa cheupe, tukalilaza juu ya upongoo wa mnazi na kulizungusha uani huku tukilia kwa kwikwi. Tulilia vizuri sana. Bibi akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Nyie! Mnamwita nani nyie?"

"Bibi, ni gunzi tu," nikasema.

"Gunzi leo. Kesho nani? Hamjui mchezo wa maiti huita maiti? Utupeni huo uchuro!"

Upawa ukafanya kazi yake. Haikupita wiki, akafa mzee mmoja jirani yetu aliyekuwa akisokota kamba za makumbi. Alikuwa mgonjwa tangu mimi sijazaliwa, lakini nani atamwambia mtoto hayo? Time kanivuta nyuma ya nyumba. "Sie ndio tuliomwita," akasema. "Lahaula, watatufunga!"

Yeye akaona hofu. Mimi nikaona mlango. Nilikaa juu ya kinu nikawaza kwa akili yangu ya kitoto: ikiwa mchezo unaweza kumwita Malaika wa mauti kutoka huko aliko, utashindwa kumwita mtu aliye hapo Konde tu, safari ya gari moja? Nikaanza kucheza kurudi kwa mama. Nikalivika jiwe kanga, nikalitembeza kutoka mlangoni mpaka jikoni. Mama hakuja. Nikasema labda jiwe halitoshi. Hata kwa lile gunzi tulikuwa wawili na tulilia kwa sauti. Inataka watu, inataka maneno.

Ndipo akaja Bi Rukia, mwalimu wetu kutoka Unguja. Alikuwa msichana bado, mwembamba, anatembea kama anayeogopa kuchafua ardhi. Sisi tulimcheka kwa namna anavyosema, naye akatucheka kwa namna tunavyosema, tukapendana hivyo hivyo. Siku moja akaja na mchezo alioutunga mwenyewe, akatusomea wote. Wajukuu zangu husema onyesho, sisi tulisema kipande, na mchezo ule ulikuwa na vipande vitano.

Cha kwanza, karamu kwa tajiri. Mkufu wa dhahabu unapotea, mke wa tajiri anasingiziwa wizi na kufukuzwa, anamwacha bintiye mdogo. Cha pili, yule binti analelewa na mama wa kambo, anaambiwa mamako ni mwizi na keshakufa. Cha tatu, sokoni. Yule mama anauza maandazi na wanawake wenzake wanamsuta. Cha nne, binti keshakuwa mkubwa, tajiri, mama yake anafika mlangoni na matambara yake, anapiga hodi, na binti anasema, "Simjui mwanamke huyu. Mtoeni mlangoni pangu." Cha tano, mama anarudi tena, anaimba wimbo aliokuwa akimbembelezea, na binti anaijua sauti. Anamwambia, "Ingia, mama. Mlango haukufungwa, ulirudishwa tu."

Bi Rukia alipolisoma neno hilo la mwisho, mimi nilikuwa nimekwisha simama bila kujua. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka kwenda haja.

"Muda hautoshi," akatwambia. "Karafuu zimekwisha iva, wiki ijayo nusu yenu mtakuwa mashambani mnachuma. Tutacheza vipande vitatu tu, hapa hapa darasani. Mchague nyinyi. Lakini mchague vile ambavyo mtu akiviona ataujua mchezo mzima."

Mngesikia kelele! Soko la samaki linasingiziwa.

"Cha kwanza lazima," Time akasema. "Kina karamu."

"Unataka karamu wewe au unataka kashata?" mmoja akamrushia kutoka nyuma.

"Vyote. Karamu bila ya kashata ni mkutano."

"Na cha sokoni! Kina matusi!"

"Si matusi," Bi Rukia akasema, "ni majibizano."

"Ndiyo Mwalimu, hayo hayo."

Nikanyanyua mkono. Mimi nilikuwa mtoto wa kimya darasani, kusoma kwenyewe kulinipa tabu, basi wakanyamaza kwa mshangao. "Cha tano," nikasema.

"Cha tano kina watu wawili tu!" Time akanigeukia. "Sie wengine tukae tunatazama, kama kuku wanaokimbia mvua?"

"Ndicho anachorudi."

"Atarudi tu, nani asiyejua? Umeona wapi mchezo mtu akenda asirudi?"

Bi Rukia akasema tutachagua baada ya mapumziko, kwa kunyanyua mikono. Nikatoka mbio nikamshika Time kwenye kivuli cha ukuta. Time ndiye aliyekuwa mkubwa wetu; akinyanyua mkono yeye, wanyanyua wote. Nikamwambia nitampa badia zangu za kula mapumziko. Akakataa. Nikamwambia bangili yangu ya shanga. Akaitazama, akakataa. Nikamwambia msimu huu nitamchambulia karafuu zake, yeye akae tu.

Hapo akanitazama vizuri. Kuchambua karafuu, mnajua wenyewe, kutoa vikonyo mpaka vidole vinakuwa vyeusi na kuwasha, nani atajitolea bure? "Kwani una nini wewe na kipande kile?" akasema. "Niambie kweli, sitaki badia zako. Niambie tu, na nitanyanyua mkono."

Wallahi neno lilinifika ulimini. Lakini Time alikuwa hawezi kushika siri hata ya yai lililovunjika. Ningemwambia mchana, kabla ya alasiri ingekuwa dukani kwa baba yake, na kutoka dukani mpaka kwa Bibi Mize ni pua na mdomo. Na nilidhani pia uchawi wa mchezo ukisemwa unaharibika.

"Sina kitu," nikasema. "Nakipenda tu."

"Basi kama huna kitu, na mie sina mkono."

Kikachaguliwa cha kwanza kwa ajili ya kashata, cha tatu kwa ajili ya matusi, na cha nne akakichagua Bi Rukia mwenyewe. "Hiki ndicho chenye moto," akasema. "Tutaishia hapa, mlango unafungwa, basi. Anayetazama atakwenda nacho nyumbani, kilichobaki atajaza mwenyewe."

"Akijaza vibaya je?" nikauliza.

Darasa zima likacheka. Bi Rukia hakucheka, lakini alitabasamu kwa huruma ya mtu mzima kwa mtoto. "Hakuna wa kujaza vibaya. Mama na mwanawe watapatana. Nani asiyelijua hilo?"

Nikakaa. Kwa sababu nilikuwa na hifadhi nzuri ya chuo cha Kurani, niliyoyashika hayaniponyoki, nikapewa mimi kuwa binti tajiri. Time alinuna siku nzima; yeye ndiye aliyetaka kuvaa dhahabu, na akapewa mama mwenye matambara kwa kuwa kipande kile mama kazi yake ni kupiga hodi na kulia.

Kwanza nilikata tamaa. Kisha nikaanza kuhesabu upya kichwani mwangu. Kipande cha nne, mama anafika mlangoni. Si haba! Toka Konde mpaka mlangoni, hiyo ndiyo safari ndefu. Kutoka mlangoni kuingia ndani ni hatua moja, hiyo atajaza mwenyewe, mwalimu si kasema? Basi nikaazimia nikicheze kipande kile kwa nguvu zangu zote, ili mwito ufike Konde usikatikie njiani.

Siku ya mchezo madirisha ya darasa yalijaa. Hayakuwa na vioo, mbao tu zilizofunguliwa, na wanawake waliokuwa wakipita kwenda mjini wakasimama na mabuibui yao na vikapu kutazama. Bi Mkasi, aliyekuwa akiuza badia kwenye lango la skuli, aliacha sinia lake na kuja kushika nafasi. Karamuni watoto walikula kashata zote kabla mkufu haujapotea, ikabidi Bi Rukia apige meza. Sokoni wakasutana mpaka wanawake wa dirishani wakaingilia, mmoja akasema, "Mwambie pia na mume hana!" Watu wakafa kwa kicheko.

Kikaja cha nne. Nimevikwa kanga mpya ya mama yake Time, na mkufu wa shaba. Time akapiga hodi kwenye ubao. Nikafungua mlango wa hewa, nikasimama.

Na pale pale ikanijia. Harufu ya vilua. Haikutoka kwa mtu yeyote wa darasani. Ilitoka dirishani, ikapita juu ya chaki na jasho na badia, ikanishukia kichwani kama zamani. Nikageuka kutazama dirishani, na jua lilikuwa nyuma yao, sikuona sura, niliona weusi wa mabuibui tu. Lakini nilijua. Mwito umefika! Unavuta! Basi usikatike sasa, nikajiambia, vuta, maliza kamba yote. Nikatamka kwa sauti ambayo mpaka leo sijui niliitoa wapi, macho yangu bado yako dirishani:

"Simjui mwanamke huyu! Mtoeni mlangoni pangu!"

Dirishani mtu akasema, "Astaghfirullah." Time akalia machozi ya kweli, maana pini ya matambara ilikuwa ikimchoma. Bi Rukia akapiga makofi, watu wote wakapiga makofi. Mimi nikatoka mbio na mkufu wangu wa shaba.

Nje hapakuwa na mtu ila Bi Mkasi anarudi kwenye sinia lake. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na kikuba. Rehani, asumini, vilua, uzi mwekundu. Nikakishika kwa mikono miwili.

"Bi Mkasi, yuko wapi?"

Akanitazama, akatazama huku na huku kama yuko Bibi Mize nyuma ya mti. "Kaondoka. Nimemwambia ngoja, mchezo haujesha, mtoto atatoka sasa hivi. Hakuningoja. Kaondoka analia."

Analia! Moyo wangu ulijaa kama ndoo. Kwani katika kipande cha nne mama si huondoka analia? Kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa mpango wake, hakuna kilichopungua. Kaja mlangoni, kaambiwa maneno, kaondoka analia. Baada ya cha nne ni cha tano. Nilirudi nyumbani naruka kwa mguu mmoja.

Nikaanza kumngoja. Nilifagia ua kila asubuhi mpaka Bibi akaniuliza kama naumwa. Nilimwachia mama ukoko wa wali, kwa kuwa alikuwa akiupenda, nikauficha kwenye kifuu, wakala kuku. Msimu wa karafuu ukaingia, nikachambua nikiwa nimekaa pale penye kuona barabara, na kila gari la shamba lilipopunguza mwendo nilisimama. Vidole vikawa vyeusi. Majamvi yakajaa, yakakauka, yakakunjwa. Kikuba kikanyauka, nikakiweka ndani ya mto, kikawa unga. Hakuja.

Mwaka ule ule nikavunja ungo, nikawekwa ndani kama desturi, na skuli ikaishia pale kwenye nusu. Bi Rukia alikuja kuniombea kwa Bibi. Bibi akampa kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante mwanangu, kwa heri." Baadaye nikaolewa Mtambile. Mama harusini hakuja. Alituma salamu na doti ya kanga, imekunjwa vizuri, inanukia. Nikasema ni njia ndefu, nikasema ni siasa, nikasema Bibi bado yu hai. Mtu anayengoja hakosi la kusema.

Alikuja nilipojifungua mwanangu wa kwanza. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikwenda mwenyewe Konde kumwomba, maana mzazi wa mwanzo anataka mama yake kumkalisha arobaini, na hilo hata walioapa hawaliingilii. Aliingia na kikapu chake, kanenepa kidogo, mguu mmoja unamsumbua. Akamshika mtoto, akamsomea, akachemsha maji, akanikanda. Mikono ile ile. Lakini kimya. Siku nzima, kimya. Anafanya kazi kama mtu aliyeajiriwa.

"Mama," nikasema, "mbona husemi kitu?"

Akakamua kitambaa cha moto. "Ninamkanda mtu asiyenijua, niseme nini?"

Kwanza sikumfahamu. Kisha nikafahamu yote kwa pamoja, nikacheka, kicheko kikageuka, nikawa nalia na kucheka mpaka tumbo likauma.

"Mama! Ule ulikuwa mchezo!"

"Mchezo naujua. Ngoma mchezo, karata mchezo. Wewe ulisimama ukatamka, na macho yako kwangu. Bi Mkasi kanitumia salamu kwamba mwanangu atakuwa tajiri siku hiyo skuli, nikaja na gari la alfajiri, nimekaa juu ya magunia. Nikasema bibi yake hanitaki, lakini skuli si kwake, nitamwona japo kwa dirishani. Nimefika, nakuta unasema hunijui. Nikasema basi, mtoto keshafunzwa."

"Sikukuona mama, jua lilikuwa machoni."

"Uliniona. Uligeuka."

"Nilinusa."

Kitambaa kikasimama mkononi mwake. "Ulinusa nini?"

"Vilua."

Nikamweleza mchezo wote tangu mkufu ulipopotea. Nikamwambia kulikuwa na kipande cha tano, ambacho binti anamjua mama yake.

"Kikaenda wapi hicho?"

"Hatukukicheza. Muda ulikuwa hautoshi."

"Mkacheza nini?"

"Karamu. Na sokoni."

"Lahaula," mama akasema. "Mkachagua kashata, mkamwacha mama wa watu mlangoni."

Akamaliza kunikanda bila haraka. Akanifunga mkaja tumboni, akavuta kwa nguvu, nikaguna. Kisha akachukua ndoo kama anayekwenda kumwaga maji, akafika mlangoni, akageuka. "Haya. Nionyeshe."

Akatoka, akaurudisha mlango. Nikamsikia anaiweka ndoo chini.

"Hodi!"

Yale maneno ya Bi Rukia ya mama yalikuwa marefu na yana wimbo ndani yake. Mama hakuyajua hata moja.

"Nani?" nikasema.

"Mie. Mamako. Nimetoka Konde na mguu unaniuma, na hapa nje kuna mbu."

Nilikuwa nimekaa kitandani na mkaja wangu, nywele timutimu, maziwa yananitoka. Nikayatamka kama nilivyoyahifadhi siku ile ya kwanza, herufi haikuponyoka: "Ingia, mama. Mlango haukufungwa, ulirudishwa tu."

Akaingia. Katika mchezo mama alitakiwa aanguke na kulia. Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda, akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Akamtazama muda mrefu.

"Mngalianza na hicho," akasema.

Tulipata miaka mizuri baada ya hapo, sinung'uniki. Lakini wenzangu, mtoto anayengoja mama yake barabarani na vidole vyeusi vya karafuu, yule hakuna aliyekwenda kumwambia. Bado amekaa pale. Mama keshatangulia, kazikwa kwao Konde, na mimi sasa ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye siku anakufa, na nikinusa vilua bado nasimama.

Zuhura karudi na chai. "Haya Bibi, tuache lipi?"

Nikamwambia, "Acheni mnalotaka. Lakini akipiga mtu hodi, musiishie hapo."

"Bibi, tamthilia yetu haina mlango. Ni ya wanyama wa porini."

Tukacheka sote. Vilua nikavitia ndani ya mto wangu. Wajukuu hunigombeza kwa habari ya mlango wa chumba changu. Kila siku wananieleza mambo ya wezi, wamenitilia na komeo jipya la chuma. Silitii. Naurudisha mlango, basi. Nawaambia komeo linaniumiza vidole.

Vidole vyangu vizima kabisa.